Nje ya Mada

Nina deni kwa binti mmoja, na insha hii ni sehemu ya malipo yake.

Mwezi wa Agosti 2025 nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilikuwa wenyeji wa mashindano ya mpira wa miguu ya CHAN, ambayo kila taifa lilichezesha wale tu waliocheza katika ligi ya nyumbani kwake. Yalifunguliwa Dar es Salaam tarehe 2, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Tanzania ikaishinda Burkina Faso kwa mabao 2 kwa 0. Chuo kilikuwa katika likizo, nami nilikuwa nikiwafundisha vijana 12 uandishi wa insha na habari. Niliwaagiza kila mmoja aniletee habari ya mashindano ambayo haijapata kuandikwa.

Insha 11 zilifanana kama vijiko vya seti moja. Mashabiki walifurika, nyavu zilitikisika, na kabumbu likasakatwa. Maneno haya yalikuwa mazuri siku yalipozaliwa. Sasa yamechoka, na mwandishi anayeyaazima huazima pamoja nayo macho ya mtu mwingine. (Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimepata kuyatumia, na kulipwa.)

Insha ya 12 iliandikwa na binti akaaye Temeke, jirani na uwanja. Uwanja wenyewe haukuonekana ndani yake hata kidogo. Alieleza habari za mama mmoja akaangaye mihogo kando ya njia, karibu na kibanda ambamo watu hulipa ili watazame mpira katika televisheni. Mama huyo hatazami. Lakini kwa kuwa picha ya televisheni huchelewa sekunde kadhaa, na kelele za uwanja hufika upesi, yeye hujua kuwa bao limeingia kabla ya wale waliolipa. Akisikia shangwe huongeza mihogo katika mafuta. Maana watu walioshinda hurudi polepole wakila, na walioshindwa hupita bila ya kusimama.

Nikaandika chini yake kwa wino mwekundu: Nje ya mada.

Binti alinijia baada ya somo. Hakulalamika. “Samahani, Mwalimu,” aliniuliza, “mada ni uwanja au ni mashindano?” Nilimjibu kwa maneno mengi, dalili ya kuwa sikuwa na jibu.

Usiku ule nilikumbuka habari ambayo nimeifundisha mara nyingi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico, alishinda Mamo Wolde wa Ethiopia. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka njiani, akaumia goti, akaendelea, na akafika wa mwisho katika watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Watazamaji wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Kwa hesabu ya wino wangu mwekundu, mada ilikuwa imekwisha.

Tarehe 22 Agosti, Tanzania ilipokutana na Moroko katika robo fainali, nilikwenda Temeke.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Katika kipindi cha pili mvumo wa uwanja ulikatika ghafula. Mama aliinua kichwa, akasikiliza, kisha akaliepua karai motoni. Kibandani watu walikuwa bado wakishangilia. Kitambo kidogo nao wakanyamaza. Moroko ilikuwa imepata bao lake moja, na hilo lilitosha. Kando ya jiko ilibaki nusu ndoo ya mihogo iliyokwisha menywa.

Kenya ilitolewa siku ile ile na Madagaska, Uganda siku ya pili yake na Senegal. Magazeti yalisema mengi juu ya msiba wa wenyeji watatu. Juu ya ndoo ile aliandika binti peke yake, nami nilifuta maneno yangu mbele ya wenzake.

Fainali ilichezwa Nairobi tarehe 30. Moroko iliishinda Madagaska mabao 3 kwa 2. Jioni ile nilipita kwa mama, nikamwuliza kama ameongeza mihogo. Akasema ameweka kipimo cha kila siku tu, kwa kuwa kutoka Nairobi hakusikiki kitu.