Vigari 43 vya Marehemu Baba



Sisi ni ndugu watatu, kaka wawili na dada yetu mdogo, tunaoishi na mama katika mji wa Dearborn, jimbo la Michigan, huko Marekani. Marehemu baba yetu alisoma katika madrasa hii kabla hajasafiri, na kila jarida la mwaka lilipotoka alitumiwa nakala yake, akaisoma kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma. Basi Maalim alipotutaka nasi tuandike kurasa mbili tatu, tuliona bora tuandike juu ya kitu alichokipenda baba, ambacho baada ya kufariki kwake mwaka 2022 kilitufundisha somo ambalo wengi wenu mnalisoma hivi sasa. Kitu chenyewe ni vigari vya mfano vya Ford Mustang. Somo lenyewe ni mirathi.

Kwanza tuwaeleze gari lenyewe. Mustang ilitolewa hadharani tarehe 17 Aprili 1964 katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika New York. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, nayo ilikuwa gari fupi la nyuma, refu la mbele, lenye umbo la gari la mashindano lakini linalonunulika na mtu wa mshahara wa kawaida. Watu waliligombania. Katika mwaka wa kwanza yaliuzwa zaidi ya magari 400,000, na ilipofika Machi 1966 kiwanda kilikuwa kimekwisha tengeneza milioni moja. Jina lake ni la farasi wa mwituni wa magharibi ya Marekani, ambao asili yao ni farasi waliopelekwa huko na Wahispania. Ndiyo maana mbele ya gari pana sanamu ya farasi anayekimbia kuelekea kushoto.

Gari hili lilianza kuundwa hapa hapa Dearborn, katika kiwanda cha Rouge, mwezi Machi 1964, na likaendelea kuundwa hapo hadi mwaka 2004, kazi ilipohamishiwa Flat Rock, ambako si mbali. Na historia ya Waislamu wa eneo hili haitengani na viwanda hivyo. Mwaka 1914 kampuni ya Ford ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule, na habari zikafika hata Sham na Yemen. Watu wakapanda meli. Mwaka 1921 ulijengwa msikiti katika mji wa Highland Park, jirani na kiwanda cha Ford kilichokuwa kikiunda magari ya Model T. Baadaye kazi ilipohamia Rouge, familia nyingi za Kiarabu nazo zikahamia Dearborn, zikajenga misikiti yao. Kwa hiyo Mustang za mwanzo zilipotoka mlangoni, miongoni mwa mikono iliyozifunga ilikuwamo mikono ya Walebanoni na Wayemeni waliokuwa wakiswali Ijumaa mtaa wa pili.

Baba alikuja miaka mingi baadaye. Alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha vipuri, na katika maisha yake yote hakupata kumiliki Mustang. Gari letu lilikuwa kuukuu, la milango ya kusukuma, linalotosha watu na magunia ya mchele. Lakini alipenda kutupeleka kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford kuiangalia Mustang nyeupe yenye namba ya kwanza. Gari hilo lilipelekwa Kanada kwa ajili ya kuonyeshwa tu, likauzwa kwa rubani mmoja aitwaye Stanley Tucker kabla ya wakati wake. Kampuni ilipolitaka lirudi, ilimpa badala yake gari la milioni moja na moja. Baba akilisimulia hilo hucheka na kusema, "Wanangu, mwenye haki yake akiwa mtulivu hufuatwa mpaka nyumbani."

Vigari alianza kuvinunua kwenye minada ya uani, pale watu wanapotoa vitu vyao vya zamani mbele ya nyumba na kuviuza kwa bei ya chini. Alikuwa na sharti lake: kwanza kodi ya nyumba, pili pesa za kutuma Mombasa kwa wazee, tatu chakula, na kikibaki kitu, kigari kimoja, tena kisichozidi dola 20. Miezi mingine hakikubaki kitu, naye hakununua. Mama hakupata kulalamika hata siku moja, kwani sharti hilo alilijua na aliliona likifuatwa.

Tulijifunza mengi katika kabati lile. Tulijifunza hesabu, kwa sababu kila kigari kina kipimo chake. Mustang ya mwanzo ina urefu wa takribani mita 4.61. Kigari cha kipimo cha 1:18 kina urefu wa sentimita 25 na nusu hivi, cha 1:43 kinakaribia sentimita 11, na cha 1:64 ni kama sentimita 7 tu, kinaenea kiganjani. Baba alikuwa akitupa rula na kutuambia tugawe wenyewe tuone kama mtengenezaji amesema kweli. Tukagundua kwamba vile vidogo kabisa mara nyingi havifuati kipimo sawasawa, kwani hutengenezwa vienee kwenye boksi.

Tulijifunza na habari za madini. Vigari vingi vya chuma si vya chuma hasa. Ni mchanganyiko wa zinki na alumini, pamoja na shaba na magnesi kidogo. Huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua, kisha vikapakwa rangi. Zinki hiyo ikiingiwa na risasi hata kidogo, kigari hupasuka chenyewe baada ya miaka, kikavimba na kumomonyoka kama mkate mkavu, wala hakina dawa. Adui wengine ni jua, linalopausha rangi, na magurudumu ya plastiki laini, ambayo huyeyusha plastiki ngumu yanapogusana nayo muda mrefu. Kwa hiyo kabati letu lilikuwa mbali na dirisha, na kazi ya kufuta vumbi kwa brashi ya kupakia rangi ilikuwa ya dada yetu tangu ana miaka 5.

Kila kigari kilikuwa na habari yake. Kulikuwa na kidogo cheupe cha Matchbox, jina lililoanza huko Uingereza. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja wa kampuni ile, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shuleni kwao hawakuruhusiwa kuja na mchezo usioenea katika kiberiti, naye akamtengenezea kijigari kinachoenea. Kulikuwa na kimoja cha Hot Wheels cha mwaka 1968, katika yale magari 16 ya kwanza ya kampuni hiyo. Na kulikuwa na chekundu cha plastiki, cha kipimo cha 1:25, cha aina ile ambayo zamani wauza magari walikuwa wakiwapa wateja ili wakumbuke rangi na umbo. Hicho ndicho kilichokuwa kipenzi cha sote.

Baba alipofariki, tulilipa gharama za maziko, kisha tukalipa deni la dola 85 alilokuwa anadaiwa dukani. Wasia hakuacha. Akiba yake ndogo na lile gari kuukuu vikagawanywa bila taabu. Likabaki kabati. Jamaa mmoja aliyekuja kutupa mkono wa tanzia akasema, "Hivyo ni vitu vya kuchezea, wachukue wavulana, binti apewe nguo." Alikuwa amekusudia wema, lakini mama alinyamaza, na usiku akampigia simu Maalim Mombasa.

Maalim alimjibu kwamba alichokiacha maiti ni mirathi, hata ikiwa ni sindano. Babu na bibi wa upande wa baba walikwisha tangulia, kwa hiyo warithi walikuwa mama na sisi watatu. Mama ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Mafungu saba yanayobaki ni ya watoto, mwanamume kwa sehemu ya wanawake wawili. Wanafunzi mnaosoma, chukueni kalamu: sehemu za watoto ni tano, na saba haigawanyiki kwa tano, basi zidisha nane kwa tano upate 40. Mama 5, dada 7, na kila kaka 14. Jumlisha, utapata 40.

Ugumu haukuwa hapo. Vigari vilikuwa 43 na havilingani thamani. Hapo ndipo daftari la baba lilipotufaa. Kila kigari alikiandika: tarehe, mahali, bei, na kasoro zake. Tukalichukua daftari pamoja na vigari kwa wauzaji wawili wasiojuana, kila mmoja akaandika bei zake, nasi tukachukua wastani. Jumla ikawa dola 1,280. Gawa kwa 40, kila fungu ni dola 32. Mama akawa na 160, dada 224, na sisi kaka 448 kila mmoja. Kile chekundu peke yake kilithaminiwa dola 190.

Kukawa na jambo jingine. Baba alikuwa amemwambia mtoto wa jirani, Myemeni wa miaka 8, kwamba akimaliza kuhifadhi juzuu ya Amma atampa kile cheupe cha Matchbox. Mtoto alimaliza miezi miwili baada ya maziko, akaja mlangoni na baba yake, hakuomba kitu, alitaka tu kutusomea. Tulimuuliza Maalim. Akasema zawadi haikamiliki mpaka ikabidhiwe, kwa hiyo kigari kile bado ni cha warithi. Warithi watu wazima wakipenda kutimiza ahadi ya mzazi wao ni jambo jema, lakini watoe katika haki zao wenyewe. Dada yetu wakati huo alikuwa na miaka 11, hajabaleghe. Haki yake haina wa kuisamehe, si mama wala si kaka.

Kigari kile kilikuwa na thamani ya dola 36. Fungu la dada ndani yake lilikuwa dola 6 na senti 30. Huenda wengine wataona ni kitu kidogo. Lakini tulikaa mezani usiku mzima kwa ajili ya dola hizo 6 na senti 30, na mama akasema, "Wanangu, yatima hapungukiwi. Anayeanza kwa senti humaliza kwa nyumba." Mkubwa wetu akakichukua kigari kile ndani ya hisa yake, mama na wa pili wetu wakamrudishia dola 12 kila mmoja, na asubuhi mtoto akakabidhiwa mkononi.

Vilivyobaki tulivichagua kwa zamu, na zamu tuliipanga kwa kura. Tuliandika majina kwenye karatasi na kuyatia katika kikombe cha chai. La kwanza kutoka lilikuwa la dada. Hatutawaficha, sisi kaka wawili tulikuwa tunakitazama kile chekundu tangu utotoni. Dada hakusita. Akakichukua, akachukua na kidogo kimoja cha dola 34, ikawa 224 kamili, akasema, "Nimemaliza." Mama alichagua kimoja tu, cha kijani, cha dola 8, ambacho mlango wake haufungiki. Alisema, "Hiki alikitengeneza mara tatu kikamshinda. Nataka nimkumbuke akihangaika nacho." Haki yake iliyobaki, dola 152, tulimlipa taslimu sisi wawili, nusu kwa nusu, tukabaki na vigari vingine.

Ndugu wanafunzi, wapo watu ambao wamegombania mashamba na nyumba mpaka wakaacha kuamkiana, na mara nyingi mgogoro huanzia kwenye vitu ambavyo mtu alisema havina maana. Nasi tunawanasihi mambo mawili. Mwenye kukusanya kitu chochote, iwe stempu, sarafu au vigari, aandike daftari, kwani daftari la baba lilituepusha na maneno mengi. Na mwenye kusoma mafungu ya mirathi asiyasome kwa ajili ya mtihani tu. Siku ikifika, hesabu hiyo utaifanya macho yamejaa machozi, na ni vizuri mkono uwe umekwisha izoea.

Kile cheupe sasa kimechubuka rangi, kwa sababu mwenyewe anakichezea kila siku juu ya zulia, nasi tukimsikia ukutani tunafurahi. Chekundu kipo kwenye rafu ya dada yetu, mbali na dirisha. Mwaka jana alinunua kigari chake cha kwanza kwa pesa zake za Idi, dola 4, na kabla hajakiweka alifungua daftari la baba, akapiga mstari chini ya namba 43, akaandika 44.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wazazi wenu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.