Daudi wa Mombasa

Jumamosi moja nilitoka chumbani mwangu Ruiru, daftari kwapani, nikaelekea Thika kukusanya misemo ya wachuuzi kwa ajili ya tasnifu yangu. Jamaa zangu kule Ahero hudhani Ruiru ni kituo tu cha kupitia. Sensa ya 2019 iliihesabia watu 490,120, karibu maradufu ya Thika. Utafiti wa kahawa ndio ulioieneza sifa yake (aina ya Ruiru 11 ilitolewa hapa mwaka 1985), ila mashamba mengi yamekwisha kumegwa ploti, na palipokuwa na mibuni pameota magorofa ya kupangisha.

Stendi ilifurika. Mhubiri alishindana kwa kipaza sauti na muuza dawa ya panya. Mitumba ilitandazwa chini, wanunuzi wakiiruka kama madimbwi. Nilisikia Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, Kisomali, na Sheng iliyoyameza yote hayo. Makanga mmoja aliapa kwamba amebakisha nafasi ya abiria mmoja tu. Niliingia, nikawa wa tatu.

Thika, karibu na soko la Madaraka, nilisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akimenya mananasi kwa ustadi wa kinyozi. Alinisemesha Kikuyu. Nilipojibu kwa Kiswahili, aliinua uso.

"Kiswahili chako ni cha kitabu, kijana wangu. Kwani unaitwa nani, na kwenu ni wapi?"

Swali la kawaida, bila shaka. Lakini mjomba wangu alikuwa fundi wa nguo Makongeni, akaondoka Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, akaacha cherehani mbili na wateja waliokwisha kulipa. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka alivyofika nyumbani na tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Daudi," nikasema. "Kutoka Mombasa."

Mombasa nimefika mara moja tu, kwa kongamano.

Alinikatia kipande cha ziada, eti watu wa Pwani wana adabu. Tangu siku hiyo nimerudi mara nne. Hapana mtu aliyeniauni zaidi yake katika utafiti huu: hunifafanulia namna mnunuzi anavyobembelezwa, anavyotaniwa, hata anavyotukanwa asijue. Sura nzima ya tatu imejengwa juu ya maneno yake. Wiki iliyopita aliwaita wenzake: "Njooni mumsalimu Daudi wangu!" Wakanisalimu kwa furaha, nami nikawaitikia kwa jina lisilo langu, kijasho chembamba kikinitoka. Wala hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunionyesha ubaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Msimamizi wangu anadai fomu ya ridhaa, itiwe sahihi na mtafiti pamoja na mtafitiwa. Nimeichapisha. Imo ndani ya daftari, na juu yake, kwa herufi kubwa, pameandikwa Ochieng'. Jumamosi nitapanda gari la Thika.