Begi la Sufi

Mwaka jana, mwezi wa pili, nililipwa shilingi 900 kuandika makala kuhusu namna ya kuchagua begi la mandolini. Mteja alikuwa ng'ambo, sijui wapi hasa, na alitaka maneno 1,200 kabla ya saa sita usiku. Nilimaliza saa tano na nusu. Kwa hivyo mimi ndiye yule mtu anayekwambia kwa uhakika kabisa kwamba sponji ya milimita 20 inatosha kwa matumizi ya kila siku. Wakati naandika hayo nilikuwa nimelala kwa tumbo kitandani Githurai, sijawahi kununua begi la ala yoyote, na kitu cha pekee chenye sponji ndani ya hiyo keja kilikuwa godoro.

Ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme, kwa sababu ambazo mwanzoni zilikuwa karo na baadaye zikawa mimi mwenyewe. Tangu hapo naandika chochote kinacholipa. Nimeandika kuhusu kung'arisha sakafu za mbao, kuhusu matangi ya samaki wa mapambo, kuhusu mafuta ya ndevu, na ndevu sina. Unasoma makala kumi za wengine, unazikoroga, unapakua.

Ile ya mandolini ilinisumbua kidogo, kwa sababu mandolini naijua. Nilikulia chini yake. Ilining'inia kwenye msumari sebuleni kwa bibi, Kisauni, kati ya kalenda na picha ya babu akiwa na kanzu na koti. Babu aliipiga kwenye harusi na kikundi chao cha taarab. Wengine udi na akodioni, yeye mandolini. Nyuzi nane, mbili mbili, zilizopangwa sauti kama fidla. Na mgongo wake haukuwa bapa kama wa gitaa. Ulikuwa umevimba kama bakuli, vibao vyembamba vimeunganishwa kimoja kimoja mpaka vikapinda. Nikiwa mdogo nilidhani ni boga.

Kwenye makala sikutaja lolote kati ya hayo. Mteja hakulipia boga.

Mwezi wa nane nikasafiri Mombasa kumwambia bibi kwamba nimeacha chuo. Nilikuwa nimechelewa miaka miwili. Nilikuwa nimejipanga, nina hotuba nzima kichwani, tangu Voi naifanyia mazoezi. Akanisikiliza huku anachambua mchele kwenye uteo. Nilipofika katikati akasema, "Hayo nayajua, mwanangu. Endelea na hayo nisoyajua." Sikuwa na mengine. Akaweka uteo chini, akapanda kwenye kigoda, umri wake huo, akaiteremsha mandolini.

"Hini ni amana," akasema. "Usiiuze. Na usiitundike, nimeitundika mimi yatosha."

Halafu akaenda kabatini akarudi na begi lake. Sanduku la asili lililiwa na mchwa kabla sijazaliwa, kwa hivyo bibi alimshonea babu begi mwenyewe. Doti moja ya leso, kati ya kitambaa na kitambaa akajaza sufi ya mto mkuukuu, akashindilia, akapitisha mistari ya uzi kama godoro ili sufi isikimbilie upande mmoja. Chini, pale mandolini inapokaa ukiisimamisha, aliweka sufi mara tatu. Mdomoni vifungo vitano vya koti, kila kimoja na rangi yake. Jina la leso lilikuwa limefutika kitambo. Babu alilikumbatia hilo begi kwenye feri ya Likoni na kwenye basi hadi Malindi na kwenye boti hadi Lamu, na mandolini haikuwahi kupata hata mkwaruzo wa kutaja.

Nikalikataa. Nilimwambia bibi, "Nitalichafua, wacha likae hapa." Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilijiona nimepanda basi la Nairobi nimekumbatia mto wa leso kama mtoto anayelazwa. Nilikuwa na begi langu la mgongoni nililonunua mitumba Kongowea, jeusi, la kiume. Nikaifunga mandolini na taulo mbili nikaisokomeza humo. Bibi alinitazama tu. Akalikunja lile la sufi, akalirudisha kabatini.

Kwenye basi makanga akasema mabegi makubwa ni buti. Nikamwambia kuna kitu cha kuvunjika. Akasema, "Kaka, kila mtu hapa ako na kitu cha kuvunjika." Ningekataa. Ningelipia kiti cha pili, au niipakate saa nane. Niliiachilia. Mtito Andei tuliposhuka kula nilichungulia buti, nikaona begi langu limelala chini ya gunia la nazi, na nikajiambia si mbaya, taulo ni mbili.

Nilifungua usiku huo Githurai. Kwenye mandolini kuna kile kibao kidogo kinachoinua nyuzi, ambacho hakijagundishwa popote. Kinasimama kwa sababu tu nyuzi zinakikandamiza. Gunia lilikuwa limekisukuma kuelekea ndani. Uso wa mbao ulikuwa na ufa mrefu kama kiganja changu. Mgongoni kibao kimoja kilikuwa kimeachana na mwenzake, unaweza kuingiza ukucha.

Bibi akapiga simu. "Imefika?"

"Imefika, bibi."

Fundi wa magitaa niliyempata mjini, ghorofa ya tatu kwenye ngazi zisizo na taa, aliigeuza mara mbili tatu bila kuniangalia. Alitaka 4,500 na wiki tatu. Keja yangu ni 6,500 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe. Lakini alinipa somo ambalo makala zangu kumi hazikuwa nalo. Akasema, "Hii haikugongwa. Hii ilibanwa." Kugongwa ni kitu kimoja: mlango, kona ya meza, kiwiko cha mtu kwenye mathree. Sponji inakula hiyo nguvu. Kubanwa ni kitu kingine. Weka uzito juu ya sponji, sponji inalala, na uzito unaendelea na safari yake mpaka kwenye mbao. "Begi laini ni la mtu anayebeba mwenyewe," akasema. "Ukitaka kuweka buti, nunua sanduku." Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba nisiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi inalegea. Nilimshukuru. Mimi na gari ni watu wa mbali sana.

Nikaanza kutafuta begi. Kabla ya kutoka nilifungua ile makala yangu, nikaisoma kama mtu mwenye shida anayetafuta msaada. Jo, haikunisaidia. Ilisema pima urefu. Nilipima: sentimita 61, upana 20. Dukani mjini nikapewa begi jeusi zuri, shilingi 3,800, limeandikwa mandolini kabisa. Mandolini ikaingia kichwa, ikaingia shingo, halafu zipu ikagoma pale kwenye tumbo. Muuzaji akaniambia nilazimishe kidogo tu, itazoea.

Haingezoea. Kile ambacho sikuandika, kwa sababu hakuna kati ya wale kumi aliyekiandika, ni unene. Mandolini za babu zangu wa Napoli, yaani za mtindo wa Kiitaliano, zina mgongo wa bakuli. Nyingi za leso hii, samahani, za leo hii, ni za mgongo karibu bapa, mtindo uliotokana na Orville Gibson wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1898. Mabegi ya dukani yanashonewa hizo. Yangu ilikuwa na unene wa sentimita 15. Nilikuwa nimewashauri watu wa dunia nzima wapime urefu.

Nikajaribu vingine. Kesi ya fidla, nyembamba. Begi la gitaa la mtoto, hilo liliimeza yote, lakini mandolini ilicheza ndani kama kokwa la embe kavu, na ala inayotembea ndani ya begi inajigonga yenyewe. Sanduku gumu la mgongo wa bakuli lilikuwa la kuagiza nje, elfu 14 kabla ya usafiri. Hata kama ningekuwa na hizo pesa, nilijiuliza nitapanda nalo wapi. Mimi ni mtu wa matatu ya watu 14, asubuhi, Thika Road. Sanduku likikaa kwenye magoti ni abiria, na makanga atalidai nauli.

Siku hizo nilijifunza kubana sponji. Unaingiza kidole gumba ndani ya begi, kidole cha shahada nje, unabana. Vidole vikisalimiana, ondoka. Kuna mabegi yanaonekana manene kama mkate ukiyaangalia, ukiyabana ni hewa, na kuna sponji ya milimita 10 iliyokazana ambayo ni bora kuliko hiyo 20 yangu niliyoitangaza. Nilichungulia pia zipu kwa ndani, kama kuna kitambaa kinachoifunika, maana meno ya chuma yanaparura vanishi kila unapoingiza. Na mikanda ya mgongoni: niliivuta nikitazama kama imeshonewa ndani ya mshono au imebandikwa juu tu. Wauzaji walianza kunichoka.

Mwishowe nikaenda kwa mama mmoja hapo Githurai anayeshona mabegi ya shule na kurekebisha zipu. Nilimwekea mandolini kwenye meza, akaizunguka.

"Hii inakaa papai," akasema.

"Ni mandolini, mathe. Ni ya babu yangu."

"Na hapa ni wapi umeshonewa?" Alikuwa ameuona ufa, uliogundishwa na kusuguliwa vizuri lakini bado mstari unaonekana. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Basi, gunia la nazi, taulo mbili, na begi la leso nililoliacha kabatini. Akauliza hilo la leso lilikuwa limeshonwa vipi. Nikamweleza sufi, mistari, na chini mara tatu. Akatikisa kichwa polepole, vile fundi anatikisia kazi ya fundi mwingine.

"Huyo shosho wako anajua," akasema. "Sasa mimi unaniletea ya nini?"

Alikata ramani kwa gazeti. Sponji alitoa kwa jirani yake anayetengeneza viti, mabaki ya ile ngumu ya makalio ya sofa, si ile ya mgongo. Nje turubai ya kijani, ndani blanketi. Kwa ajili ya bakuli alikata pete za sponji, moja ndogo kuliko nyingine, mandolini ikakaa kama yai. Chini ya shingo akaweka kamto, ili kichwa kisining'inie na kugonga nyuma begi likianguka chali. Na wazo la mwisho lilikuwa lake mwenyewe, sijaliona kwenye begi lolote la dukani: alikata kipande cha mtungi wa mafuta wa lita 20, pale kwenye kona ambapo plastiki imepinda tayari, akakishonea ndani ya mfuniko juu ya kile kibao cha nyuzi, kama paa. "Ili mtu akiweka nazi," akasema. Alitaka 2,700. Nililipa mara mbili, wiki mbili mbali.

Desemba nikapanda treni. Syokimau wanakupangisha mizigo chini kwa mstari, mbwa anapita ananusa. Alisimama kwenye begi langu muda mrefu kuliko kwa wengine, nafikiri ni blanketi. Ndani ya behewa niliipakata mpaka Miritini, saa tano na kitu, na mtoto wa kiti cha mbele akaniuliza kama ndani kuna mtoto.

Bibi alikuwa barazani. Hakunisalimia mimi kwanza. Alinyoosha mikono, nikampa begi. Akalipapasa lote kabla ya kulifungua, mikanda, mishono, akagonga kile kipande cha mtungi kwa kucha, kikalia. Akafungua zipu mpaka chini, akaitoa, akaiweka mapajani.

Kidole gumba chake kilienda moja kwa moja kwenye ufa. Kikapita juu yake, kikarudi. Nilikuwa nimejipanga tena, nina hotuba nyingine.

"Bibi, ilipofika ile siku..."

"Yapigika?"

"Yapigika."

Akaigeuza, akatazama mgongo, akakuta na kile kibao. Hakusema kitu. Halafu akachukua begi tupu, akaingiza mkono ndani mpaka chini kabisa, akabana kwa gumba na shahada kutoka nje, vile vile nilivyokuwa nabana madukani.

"Hapa chini pembamba," akasema, na akaniita nikamfungulie kabati.