Lile Dude Linalovuma Bustanini, na Ngozi ya Mwanao

Mama wenzangu mlioko Uingereza, wiki hii meseji zote zinauliza kitu kimoja: lile dude nene lenye manyoya linalovuma bustanini ni nini, na niliue?

Usiliue, jamani. Ni nyuki, tena malkia. Wenzake wa kiota walikufa kabla ya baridi kuingia. Yeye alijifukia udongoni akalala mpaka jua la Machi lilipomwamsha. Ndiyo maana ni mkubwa vile, wengine wanafika sentimita 2. Ukimwona anapita chini chini juu ya nyasi, hakutafuti wewe. Anatafuta shimo, mara nyingi lililoachwa na panya, atage mayai. Hana hata mfanyakazi mmoja bado, kwa hiyo ukimponda yeye umeponda kiota kizima.

Sisi tuliokulia nyumbani tunajua nyuki ni kukimbia, na ni kweli: wale wa asali wakichokozwa hutoka kundi zima. Huyu yuko peke yake. Akikereka huinua mguu wa kati, kama anasema "niache", na ukimwacha yameisha. Huuma akikanyagwa, akishikwa, au akinaswa kwenye nguo. Basi watoto wavae viatu wakicheza kwenye nyasi, na nguo ulizoanika nje zikung'ute.

Akiuma, osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa baridi. Mwiba wake haubaki mwilini. Ukiuona mwiba, huyo alikuwa nyuki wa asali: ukwangue haraka kwa ukucha. Kuvimba kidogo pale pale ni kawaida. Dawa ya meno iacheni bafuni.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Vipeperushi vingi vinasema mzio uutambue kwa wekundu. Diploma yangu niliisomea nyumbani, darasa zima weusi, na bado picha za vitabuni zilikuwa za ngozi nyeupe! Kwa mtoto wetu wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Mabaka yanaweza kuwa na rangi ile ile ya ngozi, au yamekolea kidogo tu. Kwa hiyo tumia mkono. Pitisha kiganja mgongoni, tumboni, mapajani, utafute vivimbe. Akipauka, utaona ndani ya midomo na ndani ya kope la chini kabla hujaona usoni.

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, kifua kikipiga filimbi, au mtoto akilegea ghafla, usisubiri mabaka. Kama ana sindano yake ya adrenalini, mchome pajani kwanza, kisha piga 999 useme "anafilaksisi". Mlaze, miguu juu. Akishindwa kupumua mkalishe, lakini asisimame wala kutembea, hata akikwambia amepona. Na wakikuuliza kwenye simu kama ana wekundu, usijibu "hana" ukanyamaza. Waambie mtoto ni mweusi, kisha waambie mkono wako umegusa nini na sikio limesikia nini.

Aliyeuliza kuhusu nyuki aliyetulia kwenye saruji hasogei: huenda ana baridi au njaa tu. Msogeze kwa karatasi mpaka kwenye ua. Ua likikosekana, matone ya maji ya sukari kwenye kijiko, sukari na maji nusu kwa nusu. Asali hapana, inaweza kumpa magonjwa. Kijiko mwachie mwanao akiweke, halafu mkae pembeni mtazame.