Vipimo Viko Sawa, Mimi Siko Sawa



Asubuhi moja, nikiwa nimeketi mbele ya wanafunzi wangu wa chuoni, nilikwama katikati ya sura niliyoihifadhi tangu nikiwa na miaka saba. Aya iliyofuata haikuja. Watoto walinitazama wakidhani nawajaribu, kisha mmoja wao akaimalizia kwa sauti yake nyembamba. Nilimsifu, nikainama kama anayetafuta kitu mkekani ili wasiyaone machozi. Wakati huo nilikuwa nimeshameza dawa ya tezi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na wiki iliyotangulia daktari alikuwa ameniambia kwa furaha kwamba vipimo vyangu viko sawa.

Nieleze kwanza ni tezi gani. Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, ambayo vitabu vyetu huiita dundumio na madaktari huiita thairodi. Hiyo ndiyo hutoa homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani: joto, mapigo ya moyo, choo, hedhi, hata wepesi wa fikira. Ikizembea, vyote huzembea. Kwangu mambo yalianza baada ya kumzaa kitindamimba wangu. Uzito ulipanda ilhali chakula sikitamani, nywele zikabaki kwenye kitana kwa mafungu, nami nikawa najifunika shuka mbili katika joto la Mombasa la mwezi wa Februari. Sauti yangu ilikuwa nzito hata aliyenipigia simu akadhani amempata mwanamume.

Watu walisema yao. Wapo waliosema ni uvivu, wapo waliosema ni husuda, na shangazi yangu mmoja akashauri nitafutiwe wa kunisomea. Kusomewa nilisomewa, wala silijutii hilo. Qur'ani ni shifaa. Lakini damu ilipopimwa ilidhihirika kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiishambulia tezi. Maradhi hayo yalielezwa mwaka 1912 na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Dawa yake ni levothairoksini, kidonge kidogo chenye homoni ile ile ambayo tezi ingeitoa. Wengi wetu huimeza kila siku, umri wote. Miezi ya mwanzo nilipata nafuu ya kuonekana: sauti ilirudi, uvimbe wa uso ukashuka. Kisha nafuu ikasimama. Uchovu ulibaki, na ule ukungu wa akili, na baridi ya vidole. Sala ya alfajiri niliyokuwa nikiiwahi bila kuamshwa ikawa yanipita, na kila iliponipita nilijihukumu vikali kuliko mtu yeyote angeweza kunihukumu.

Mume wangu ni mtu mwema. Alichukua karatasi ya maabara, akaisoma, akanirudishia bila neno. Tangu siku ile, kila niliposema nimechoka, kimya chake kilikuwa na maana mpya.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nalieleza ili asilirudie mwingine. Niliamua mwenyewe kuwa dawa ni kidogo, nikaanza kumeza vidonge viwili badala ya kimoja. Siku za kwanza nilijiona nimeamka. Usiku wa kumi niliamshwa na moyo wangu mwenyewe, unadunda mbio na kurukaruka, na jasho limenilowesha. Mume wangu aliweka kiganja kifuani pangu, akakiondoa upesi, akaenda kumgongea mavyaa wangu ili abaki na watoto. Hospitalini tulielezwa kwamba homoni hii ikizidi huvuruga mwendo wa moyo na, kwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa.

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Hakunikemea. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Dawa yenyewe unaimezaje, mama?" Nikamweleza: pamoja na chai ya maziwa na mahamri, na papo hapo vidonge vya kuongeza damu, nisije nikavisahau. Akatikisa kichwa. Dawa hii huhitaji tumbo tupu na maji matupu, kisha kusubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Maziwa na kahawa huipunguzia nguvu, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu hutakiwa viwe mbali nayo kwa saa nne. Nikamweleza pia kwamba huiweka juu ya friji, karibu na jiko. Hilo nalo akalikataa, kwani joto na unyevu huiharibu.

Akaitazama upya ile karatasi iliyotunyamazisha nyumbani. Kipimo kiitwacho TSH kilikuwa ndani ya kiwango, lakini ukingoni kabisa mwa juu. Akaagiza tupime tena baada ya wiki sita, kwa kuwa kabla ya hapo damu haijatulia, na tupime pia akiba ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Aliniuliza kuhusu usingizi, hedhi na huzuni. Akiba ya chuma ilikuwa karibu kwisha. Yaani nilikuwa na maradhi mawili yanayofanana uso, na dawa ya moja ilikuwa ikiizuia dawa ya lingine.

Nilipofuata utaratibu huo, mengi yalipungua. Hayakwisha. Daktari hakunificha: kati ya wagonjwa mia, watano hadi kumi hivi hubaki na dalili hata vipimo vikiwa sawa kweli. Kuna madaktari wanaojaribu kuongeza homoni ya pili kwa wagonjwa wachache, chini ya uangalizi, lakini tafiti hazijaonyesha faida iliyo wazi kwa wote. Poda za majani ya baharini zinazosifiwa mitandaoni sizigusi. Iodini nyingi yaweza kuizidishia madhara tezi iliyoshambuliwa.

Kuhusu saumu, niliuliza kwa daktari na kwa sheikh kabla ya Ramadhani, na nawasihi nanyi muulize pande zote mbili. Mimi nilifunga. Mavyaa wangu, aliyewahi kuniita mvivu kwa mafumbo, alikuwa akiamka nusu saa kabla ya daku na kunigongea mlango na bilauri ya maji. "Mwanangu, kidonge," husema, kisha hurudi kupasha moto chakula.

Mume wangu haniulizi tena kama nimepona. Huuliza, "Leo siku yako ni nyepesi au nzito?" Ikiwa nzito, yeye hupeleka watoto shule, nami husali nikiwa nimekaa, kisha hulala bila kuomba radhi.

Chuoni sijaacha kufundisha. Nimewaambia wanafunzi kwamba mwalimu akikwama, anayeijua aya na aendelee. Yule mwenye sauti nyembamba huwa ameshafungua kinywa kabla sijanyamaza.