Nani Kaitikisa Chupa?

Wanaume na vifaa, jamani! Wangu akienda peke yake kwenye duka la wapika bia hapa Minneapolis, anarudi na orodha ndefu kuliko ya harusi. Safari hii kataka flaski ya maabara ya lita 5 na kikorogeo cha sumaku, eti vya kuamshia hamira. Nikasema hapana, na wala si kwa sababu ya pesa tu.

Tuelewane kwanza. Hamira kavu kwa kawaida haihitaji kuamshwa. Ya maji ndiyo yenye mambo: inavyozidi kukaa kwenye friji ndivyo inavyopungua nguvu. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla ya kupika unaizalisha kwenye maji ya kimea, kama togwa nyepesi: gramu 100 za unga wa kimea kwa lita 1 ya maji, uchemshe dakika 15, yapoe kabisa ndipo uitie. Kwa pipa letu la lita 19, lita 2 zinatosha. Hiyo ya lita 5 ya nani?

Flaski ina uzuri wake, sikatai. Glasi yake inahimili moto, unachemshia humo humo. Ila shingo ni nyembamba. Povu likipanda, jiko zima linanata. Sisi tunachemshia kwenye sufuria, tunapoza kwenye sinki lenye barafu, kisha tunamimina kwenye chupa ya kioo ya lita 4 iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu. Juu foili, iwe legelege ili gesi itoke.

Sumaku kazi yake ni kuzungusha hamira isitulie chini, na ipate hewa. Mkono nao unaweza, mradi utikise kila unapopita. Bibi yake kule Marangu alipika mbege ya ndizi na ulezi bila kuchomeka kitu ukutani.

Halafu kuna hili. Mwenzangu anafanya kazi usiku, mimi mchana. Wiki nyingine tunaonana Jumapili tu. Lakini chupa ikiwa mezani, nikiamka alfajiri nakuta povu bichi, najua kapita, hata kama tayari anakoroma. Nami natikisa kabla ya kutoka. Mchana inaingia meseji: "Umeitikisa?" Siku nyingine ndiyo meseji pekee, na mashosti wanaodai maua hawanielewi kabisa.

Sasa sumaku ikizunguka yenyewe saa 24, ataniuliza nini?