Kisesa na Umbali wa Dhuluma

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara iendayo Musoma, unapita Nyakato, kisha Igoma, na kabla safari haijakuchosha unashushwa Kisesa, katika wilaya ya Magu. Ni mji uliokua haraka kando ya lami, wenye pilikapilika za stendi na soko, huku majabali ya Usukuma yakiutazama. Wageni wengi hufika kwa ajili ya Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement, ambako ngoma za watemi zimehifadhiwa. Sisi tulifika siku ya Ijumaa, kumjulia hali jamaa yetu aliyekuwa mgonjwa.

Tuliwahi swala. Khutba ilihusu Palestina, na khatibu aliitendea haki. Watu wazima walilia, na kisanduku cha michango kilizungushwa mara mbili. Hatuna neno juu ya chozi lile. Waumini ni mwili mmoja, na aliyedhulumiwa Gaza ni ndugu yetu.

Baada ya chakula, mwenyeji wetu alitupeleka kumwamkia bibi mmoja, jirani yake. Tulimkuta jikoni, ameinamia mafiga. Miti imekwisha katika sehemu nyingi za Usukuma, na wasiomudu kuni hupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, chenye moshi mkali. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni, ingawa siku hizi hapa hawakaribii watu.”

Akatueleza bila ya kulalamika. Mtoto wa nyumba ya pili alikufa kwa homa. Watu wakaenda kupiga ramli, na tangu hapo watoto wa mtaa wamekatazwa kupita mlangoni kwake. “Zamani mtu akibisha hodi nilifurahi,” alisema. “Sasa hodi ikipigwa usiku, naizima taa.”

Tulipotoka tulimuuliza mwenyeji wetu kwa nini jambo hili halisemwi msikitini. Akajibu kwa sauti ya chini, “Hayo ni mambo ya koo za watu.”

Woga wa bibi yule una historia. Mtafiti Simeon Mesaki ameonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yakiwa Usukumani. Macho mekundu ya moshi yalitosha kuwa ushahidi. Mwaka 1976 Serikali iliendesha operesheni dhidi ya wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Washukiwa wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Taifa likashtuka. Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakumgusa mtu kwa mkono wake, wala hayakutendeka mbele ya macho yake, lakini aliyahesabu kuwa yake. Allah amrehemu.

Kisa hiki tumekisimulia mara nyingi, na ni haki kukisimulia. Wale washukiwa walidhulumiwa. Lakini tujiulize: katika masimulizi yetu, vikongwe ambao damu yao ndiyo iliyoanzisha mkasa wote wamebaki wapi? Jina la waziri tunalijua. Hatuwezi kutaja hata jina la bibi mmoja.

Tunadhani sababu ni hii. Hasira juu ya dhalimu wa mbali haitugharimu kitu. Tunamlaani, tunarudi nyumbani tukiwa vilevile. Hasira juu ya dhuluma ya mtaani huuliza maswali: nani alikwenda kwenye ramli? Nani alilipa? Nani alimpangisha mpiga ramli chumba? Jibu laweza kuwa binamu yetu, au sisi wenyewe. Hata mateso ya mbali tunayachagua kwa kipimo hichohicho. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023, Waislamu wanauawa na Waislamu, na dua zetu kwao ni chache, kwa kuwa adui pale anafanana nasi. Kumbe umbali wa dhuluma haupimwi kwa maili. Hupimwa kwa aibu tunayoikwepa.

Surat An-Nisaa, aya ya 135, imeikata njia hiyo ya kukwepa. Inatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Pamoja na onyo hilo, wapo wapiga ramli wanaojiita masheikh, na wateja wao hatuwezi kusema kuwa ni watu wa dini nyingine tu.

Jioni, tukirudi stendi, tulikutana na khatibu. Tulimpa mkono, tukamsifu kwa khutba yake, tukaagana. Habari za bibi hatukumwambia. Daladala ilikuwa imefika Igoma ndipo mmoja wetu alipouliza, “Mbona hatukusema?” Hakuna aliyejibu.

Basi tunayasema hapa, kwa kuchelewa. Ijumaa ijayo tuwaombee ndugu zetu wa Gaza, na wa Sudan pia. Kisha, katika familia zetu, tumtafute jirani mwenye macho mekundu, tumchukulie mzigo wa kuni au gunia la mkaa, twende na watoto wetu mchana kweupe, mtaa mzima ukiona, tukabishe hodi.